Kipimajoto cha Chumba cha Hawe

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Eddah alifagia nyumba. Alianzia chumba cha wazazi wake, akapita sebuleni, kisha akaingia katika ujia mwembamba ulioelekea uani. Katika ujia huo palikuwa na mlango wa tatu, uliofungwa kwa kufuli. Akifika hapo alifagia haraka haraka, uso ameugeuzia upande wa pili, halafu akatoka nje na kumwaga taka. Mama yake alikuwa amemwona akifanya hivyo mara nyingi. Hakumwambia kitu, kwa sababu yeye mwenyewe akipita hapo hugeuza uso.

Nyumba yao ilikuwa Miritini, katika safu ya nyuma, ile iliyoegemea ukuta wa yadi ya makasha ya chuma ya mizigo. Baba yake, Nguma, alifanya vibarua huko yadini. Mama yake, Selpher, aliuza chai na mahamri mahali malori yanapoegeshwa. Nyuma ya ule mlango uliofungwa ndipo alipokuwa akilala Hawe Kafedha, mamake Nguma. Hawe ni nyanya kwa Kigiriama, na Eddah hakuwahi kumwita kwa jina jingine.

Hawe alifariki mwezi wa Machi mwaka uliotangulia. Siku hiyo stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi, na jua lilichoma kama limeshuka karibu zaidi na ardhi. Eddah alirudi kutoka shuleni akamkuta ameketi kitandani, ngozi kavu na moto, macho yakimtazama bila kumwona. Hawe alimwita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Walimkimbiza zahanati, lakini alikata roho kabla jua halijatua.

Baada ya mazishi huko Kaloleni, Baba aliuvuta ule mlango bila kuingia ndani, akatia kufuli, na ufunguo akauweka mfukoni. Tangu hapo hakuna aliyekitaja chumba kile. Lakini chumba chenyewe hakikunyamaza. Stima ilipopotea siku ile, swichi ya feni ilikuwa imewashwa, na hakuna aliyekwenda kuizima. Basi feni ilizunguka humo ndani peke yake, kwi, kwi, kwi, kama mtu mzee anayevuta pumzi kwa taabu. Stima ikipotea ilinyamaza. Ikirudi, ilianza tena polepole, na wote watatu mezani waliacha kutafuna kidogo, kisha wakaendelea kula kana kwamba hawakusikia chochote. Jua likizama, bati la juu ya chumba lilialika, ta, ta, ta, na Eddah alijiambia kwamba ni Hawe anatafuta viatu vyake.

Majirani nao walikuwa na maneno yao. Wengine walisema Hawe alipitiwa na upepo mbaya. Wengine walisema chumba kina mwenyewe, ndiyo maana kimefungwa. Baba akiulizwa alijibu kwa ufupi, "Ni uzee tu. Siku zake zilifika."

Mwezi wa Februari, joto lilipoanza kuzidi tena, mgeni alifika katika darasa la Eddah, Gredi ya Sita. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye viatu vilivyojaa vumbi. Mwalimu Changawa alimjulisha kwa wanafunzi.

"Huyu ni Mhandisi Jerioth. Yumo katika kundi linalopanga mtaa mpya utakaojengwa kati ya stesheni ya reli na hapa kwetu. Amekuja kuomba msaada wenu."

Mhandisi Jerioth aliwaomba wanafunzi wasogeze madawati karibu. Alichora ubaoni nyumba nyingi zilizobanana.

"Mtaa mpya utakuwa na maghorofa, soko, shule na zahanati kubwa," alisema. "Miritini kuna joto, na kila mwaka linaongezeka. Tukijenga bila kufikiri, kila mwenye uwezo atatundika kiyoyozi chake dirishani. Je, kiyoyozi kikipoza chumba, lile joto huenda wapi?"

"Nje," alijibu Brandon. Brandon alikuwa jirani ya Eddah. Wazazi wake walitoka bara, na baba yake aliendesha trela.

"Naam, nje. Humwangukia jirani asiye na kiyoyozi. Na stima inayotumika ni nyingi mno, nyingine hutokana na kuchoma mafuta, na moshi wake unazidi kuipasha dunia joto. Kwa hivyo tunataka kufanya kwa njia nyingine. Kwanza tunapunguza joto lenyewe: miti, vivuli, madirisha yanayopitisha upepo, paa za rangi nyeupe. Joto litakalobaki tutalipunguza kwa pamoja. Tutajenga mtambo mmoja wa kupoza maji. Mchana utatumia nguvu za jua, na maji mengine ya baridi yatahifadhiwa kwenye tangi kubwa kwa ajili ya jioni. Maji hayo yatapita katika mabomba chini ya ardhi, yataingia katika majengo, yatachukua joto la humo ndani, kisha yatarudi mtamboni kupozwa upya."

"Na lile joto lililochukuliwa, litatupwa kwa nani?" Brandon aliuliza.

Mhandisi alicheka. "Hilo ndilo swali linaloninyima usingizi. Sehemu yake itapasha maji moto ya zahanati. Iliyobaki lazima itolewe baharini, mbali na nyumba za watu, kwa kiasi kisichodhuru mikoko."

Kisha akaeleza jambo lililomleta shuleni. Nyumba za zamani, zile za mabati zenye vyumba vilivyobanana, hazikuweza kuingiziwa mabomba. Kwa ajili ya wakazi wake ungejengwa ukumbi wa baridi, mahali ambapo wazee, wagonjwa na watoto wachanga wangepumzika siku za joto kali. Kwa sasa fedha zilitosha ukumbi mmoja tu, na ulitakiwa uwe karibu na wale wanaoumia zaidi.

"Siwezi kujua wanaumia wapi nikiwa ofisini," alisema. "Kwa hivyo nitatoa vipimajoto. Nyumba moja katika kila safu itapata kimoja. Kitundikeni ndani ya chumba chenye joto kuliko vyote, na mkisome kila mkitoka shuleni, hadi nitakaporudi."

Alitaja pia dalili za mtu aliyezidiwa na joto: ngozi kuwa moto na kavu, kuchanganyikiwa, kulegea; akasema mtu huyo apelekwe kivulini na aloweshwe maji. Eddah aliinamisha kichwa. Alihisi kana kwamba Mhandisi alikuwamo chumbani kwa Hawe siku ile.

Safu ya nyuma ilipewa kipimajoto kimoja, na Mwalimu Changawa alimkabidhi Eddah.

Eddah alikibeba mpaka nyumbani kwa mikono miwili. Alijua barabara chumba chenye joto kuliko vyote ni kipi. Kilikuwa upande wa machweo, bati lake lilikuwa chini kiasi kwamba Baba aliweza kuligusa kwa kiganja, na hakikuwa na dari. Alimkuta mama yake uani akikanda unga.

"Mama, ufunguo wa chumba cha Hawe anao Baba?"

Mikono ya Selpher ilisimama ndani ya unga. "Wautakia nini?"

"Nataka kutundika hiki. Mhandisi amesema."

"Kitundike kwingine, mwanangu. Usimtajie babako chumba kile."

Eddah aliingia ndani. Alisimama kwenye ujia akiwa na kipimajoto mkononi, karibu na mlango kuliko alivyowahi kusimama tangu mazishi. Ndani, feni ilizunguka. Kwi, kwi, kwi. Alifikiri angeweza kukitundika hata sebuleni, lakini sebule ilikuwa ukuta mmoja na chumba kile, na angelazimika kuketi hapo kila alasiri akisubiri, akisikia ile pumzi. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akatoka uani.

Palikuwa na mwarobaini nyuma ya jiko, mahali upepo wa yadini ulipopita. Alikitundika kwenye tawi.

Kila alasiri alikisoma hapo. Kila alasiri kilionyesha joto la kuvumilika, na kesho yake alimsomea Mwalimu Changawa namba hiyo. Brandon alimwona siku moja kutoka kwao.

"Eddah, si tuliambiwa ndani?"

"Ndani kuna joto sana," Eddah alijibu, na papo hapo akasikia alichokisema.

Brandon alimtazama. "Sasa si hilo ndilo wanataka kujua?"

Eddah aliingia jikoni akajifanya anachochea moto.

Mhandisi Jerioth aliporudi, chifu aliitisha baraza katika uwanja wa shule. Ramani kubwa ilibandikwa ukutani. Mstari wa buluu ulionyesha njia ya mabomba: ulitoka mtamboni, ukapita kwenye maghorofa na soko, ukaishia upande wa barabara kuu. Huko barabarani ndiko ukumbi wa baridi ulikochorwa. Safu ya nyuma ilipakwa rangi ya kijani.

"Kijani maana yake nini?" aliuliza Mama Ismail, jirani yao wa ukuta kwa ukuta.

"Ni mahali ambapo joto si kali sana, mama," alisema Mhandisi. "Kwa vipimo tulivyopata, safu yenu ina nafuu."

"Nafuu?" Mama Ismail aliwageukia wenzake. "Wallahi, mimi mchana silazi mtoto ndani. Nafuu hiyo iko nyumba gani?"

Watu walinong'ona. Mhandisi aliitazama ramani, kisha akamtazama Mwalimu. Mwalimu Changawa alimwita Eddah mbele, akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Eddah, kile kipimajoto ulikiweka wapi?"

Baba alikuwa amesimama nyuma ya umati, mkono mmoja mfukoni. Eddah alimwona. Alijua mkono ule ulikuwa umeshika ufunguo humo mfukoni.

"Ndani, mwalimu," alisema.

Mhandisi alisema watapewa muda wa kutoa maoni kabla ya ramani kupelekwa kuidhinishwa. Baraza likaisha. Eddah alirudi nyumbani akitembea nyuma ya kila mtu. Jioni ile bati lilipoanza kualika, hakufikiri tena kwamba Hawe anatafuta viatu. Alifikiri anagonga.

Jumamosi iliyofuata stima ilipotea asubuhi. Kufikia adhuhuri hapakuwa na upepo hata kidogo. Makasha ya yadini yalikuwa yamekusanya jua, nayo yaliurudisha moto wake juu ya safu nzima. Eddah alikuwa akianua nguo aliposikia Mama Ismail akiita kwa sauti ambayo haikuwa yake.

Mama Ismail alikuwa amerudi kutoka kisimani. Alikuwa amemwacha mtoto amelala ndani kwa muda mfupi, kwa kuwa nje nako jua lilikuwa limefika mpaka barazani. Sasa alikuwa amempakata mlangoni. Ismail, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, alikuwa amelegea kama kitambaa. Macho yake yalikuwa wazi nusu. Eddah aligusa paji la uso wake. Lilikuwa moto na kavu.

Aliyajua macho yale. Yalimtazama bila kumwona, vilevile. Alisikia wazi sauti ya Hawe ikimwita kwa jina la mtu mwingine.

Kisha akamshika Mama Ismail mkono. "Tumtoe hapa. Twende chini ya mwarobaini. Mvue nguo."

Walimlaza kivulini juu ya leso. Eddah aliichukua ndoo ya maji, akamlowesha Ismail kichwa, kwapa na miguu, huku Mama Ismail akimpepea kwa sinia. Brandon, aliyesikia makelele, alikimbia kumwita baba yake, aliyekuwa na gari la rafiki yake siku hiyo. Walipofika zahanati Ismail alikuwa ameanza kulia, kilio chembamba, na mhudumu aliyempokea alisema kilio hicho ni habari njema.

"Mlifanya vizuri kumlowesha maji mapema," aliwaambia alipokwisha kumtazama. "Joto humuua mtoto upesi. Kaeni naye hapa mpaka kesho."

Eddah alirudi nyumbani alasiri. Baba alikuwa ameketi uani, kwa sababu siku hiyo yadini hapakuwa na kazi. Alimsogezea kigoda.

"Nimesikia ulivyofanya," alisema. "Umemuokoa mtoto wa watu."

Eddah hakuketi. "Baba, nilisema uongo barazani."

"Uongo gani?"

"Kipimajoto sikukiweka ndani. Nilikitundika pale kwenye mti. Ndiyo maana safu yetu imepakwa kijani. Ukumbi utajengwa barabarani kwa sababu yangu."

Nguma aliutazama ule mti. "Kwa nini?"

"Niliogopa kukuomba ufunguo."

Baba aliinama, akaokota kijiti, akakivunja vipande vipande. Stima ilikuwa imerudi. Kutoka ndani ya nyumba feni ilianza, polepole, kisha kwa mfululizo.

"Humo hamna kitu cha kuona," alisema mwishowe.

"Nataka kuona joto tu, Baba."

"Joto la humo nalijua."

"Mhandisi halijui. Na Mama Ismail ana chumba kama kile kile."

Selpher alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Alikwenda kwenye mwarobaini, akakitungua kipimajoto, akampa mumewe.

Nguma alitia mkono mfukoni. Kufuli lilikuwa limeota kutu na alihangaika nalo. Mlango ulipofunguka, hewa iliyotoka iliwapiga usoni, nzito, yenye harufu ya vumbi na ya mafuta ya nazi ambayo Hawe alipenda kujipaka. Eddah alishika shati la baba yake kwa nyuma. Kitanda kilikuwa vilevile, leso imekunjwa kichwani pake. Viatu vya Hawe vilikuwa chini ya kitanda, pamoja, vikielekea mlangoni. Juu ukutani, feni ilizunguka imepinda kidogo, ikiyasukuma yale yale makali ya joto kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Hapakuwa na mtu mwingine humo.

Baba alikitundika kipimajoto kwenye msumari ukutani. Wakasimama. Mstari mwekundu ulipanda. Ulipita namba ambazo Eddah alikuwa akimsomea mwalimu, ukaendelea, ukapita joto la mwili wa mtu mzima mwenye afya, ukaendelea tena. Ulipofika arobaini na moja ukasimama.

Nguma alisogea kwenye kitanda cha mama yake. Alinyoosha mkono juu, akaligusa bati, akauondoa upesi, kisha akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Bati hili nililipigilia mwenyewe," alisema. "Mama alitaka makuti. Nikamwambia makuti yanavuja, bati ni la maisha. Nilitaka akae mahali pazuri."

"Daktari alitueleza siku ile ile," Selpher alisema taratibu. "Alisema ni joto. Wewe ukasema tusiseme."

"Nikasema ni uzee, kwa sababu uzee hauna aliyeuleta." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Na watu waliposema ni upepo mbaya, nikawaacha waseme. Nilijua nikifungua mlango huu nitauona mkono wangu mwenyewe."

"Hukujua, Baba," Eddah alisema.

"Sikujua. Halafu nikajua, nikafunga." Alisimama, akaifikia swichi ukutani, akaizima feni. Ilizunguka mara chache zaidi kwa uvivu, kisha ikatulia. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa hata wakasikia kuku wa jirani wakiparua nje.

Jumatatu Eddah na baba yake walikwenda shuleni pamoja. Mhandisi Jerioth alikuwa katika ofisi ya walimu na ramani yake. Eddah alimweleza yote akiwa amesimama wima, kama alivyofundishwa kusimama mbele ya wakubwa.

Mhandisi hakumfokea. Aliivua miwani yake, akaishika. "Unajua nini kingetokea, Eddah? Ningejenga ukumbi mahali pasipouhitaji sana, nami ningeamini nimewatendea haki. Namba zako zilinitia wasiwasi, lakini nilizikubali. Na mimi nilipaswa kuja kuangalia kwa macho yangu."

"Samahani, Mhandisi."

"Nimekusamehe. Sasa utanisaidia kupima upya. Safari hii tutaingia kila nyumba ya safu yenu, na hakuna chumba kitakachorukwa."

Wiki hiyo Eddah, Brandon na Mhandisi walizunguka mlango hadi mlango. Watu wengine walifungua upesi. Wengine walisitasita, na Eddah alipoona wanasitasita alielewa, akawaambia, "Sisi pia tulikuwa tumefunga chetu."

Baraza la pili lilikuwa na watu wengi kuliko la kwanza. Ramani ilikuwa imebandikwa tena, na rangi ya kijani ya safu ya nyuma ilikuwa imegeuka nyekundu iliyokolea. Mhandisi alieleza kwamba makasha ya yadini huhifadhi joto la mchana na kuliachia jioni, na kwamba vyumba vya mabati visivyo na dari havipati kupoa. Kabla hajamaliza, Nguma aliomba ruhusa ya kusema. Alikuwa mtu asiyesema barazani. Alikuja mbele akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mnamjua mama yangu, Kafedha," alianza. "Niliwaambia alikufa kwa uzee. Sivyo. Mama yangu aliuawa na joto, chumbani kwake, ndani ya nyumba yangu. Daktari aliniambia, nami nikaficha. Niliona aibu. Mtoto wangu aliogopa chumba kile kwa sababu mimi nilikiogopa, na kwa woga huo akatoa vipimo vya uongo. Kosa lake lilianzia kwangu. Naomba mpime kila kitu kwa ukweli."

Alirudi mahali pake. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja, mjane wa mzee Mwidani wa nyumba ya mwisho, aliinuka kwa kujikongoja.

"Mume wangu tulisema ni kifua," alisema. "Alikuwa moto kama jiwe la mekoni. Hakuwa hata akikohoa."

"Na mtoto wa dada yangu," alisema mwanamume mmoja, bila kusimama. "Machi ile ile. Tulisema ni jicho baya."

Walisema mmoja baada ya mwingine, kwa sauti za chini, na Eddah alihesabu nyumba katika akili yake akaacha kuhesabu. Muda wote huo alikuwa amedhani ni wao peke yao walioishi na mlango uliofungwa. Mhandisi Jerioth alikuwa ameweka kalamu chini. Alisikiliza mpaka wa mwisho alipomaliza, kisha akaichukua tena, na mbele ya watu wote akaukunja ule mstari wa buluu kutoka barabarani hadi safu ya nyuma, na ukumbi akauchora hapo.

Kazi yenyewe haikuwa ya siku moja. Kabla ya mabomba kufika, vijana wa mtaa walipaka mabati rangi nyeupe safu nzima. Nguma aliinua paa la chumba cha Hawe, akatia dari ya makuti yaliyosukwa chini ya bati, akatoboa dirisha upande wa upepo. Chumba kikawa cha Eddah. Usiku wa kwanza hakulala sana, wa pili alilala. Miti ilipandwa kando ya ukuta wa yadi, na wanafunzi wa shule walipeana zamu za kuimwagilia maji.

Eddah alikuwa ameshaingia Gredi ya Nane sehemu ya kwanza ya mtambo ilipoanza kufanya kazi na ukumbi wa baridi ukafunguliwa, hatua chache kutoka safu ya nyuma. Ilikuwa adhuhuri ya Machi. Wazee waliingia kwa tahadhari, wakanyoosha viganja mbele ya matundu ya hewa, wakatazamana. Mama Ismail alitandika mkeka, na Ismail, ambaye sasa alikuwa na maneno mengi, alikimbia huku na huko akiwauliza watu kwa nini sakafu ina baridi. Mjane wa Mwidani alichagua kiti kilichokuwa karibu na dirisha, akafunga macho, na machozi yakamtiririka polepole bila yeye kuyafuta. Nguma alimletea maji ya kunywa akaketi kando yake.

Mwalimu Changawa alikuwa amewaleta wanafunzi wa Gredi ya Sita waone jinsi mtambo unavyofanya kazi. Msichana mmoja aliinua mkono, akamuuliza Mhandisi Jerioth ni kitu gani kilikuwa kigumu zaidi, kuchimba mitaro ama kupoza maji.

Mhandisi alifikiri. Alimtafuta Eddah kwa macho, akampata amesimama karibu na mlango pamoja na Brandon.

"Kuchimba tunajua, na kupoza maji tunajua," alisema. "Kilichokuwa kigumu ni kuambiwa ukweli. Joto liliwaua watu hapa miaka mingi, nalo liliachwa liue kwa sababu lilipewa majina mengine. Watu walificha kwa huzuni, na mtoto mmoja akaficha kwa woga, na hakuna kati yao aliyekuwa mtu mbaya. Lakini mimi nikipewa namba za uongo, hata nikiwa na mitambo mizuri namna gani, nitamjengea asiyehitaji na kumwacha anayekufa. Kwa hivyo mkipewa kazi ya kupima, pimeni pale panapowatisha. Na mkikosea, rudini mkaseme mapema, kama alivyofanya mwenzenu, wakati bado mstari unaweza kukunjwa."

Wanafunzi waligeuka kumtazama Eddah. Hakuinamisha uso. Ismail alikuja mbio akamshika mkono, akamvuta kuelekea kwenye mkeka wa mama yake, na Eddah akamfuata, akaketi.